Hatufagii Mpaka Pini Zitimie

Tarehe 4 Machi

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na cherehani nayo nzima. Mimi huku sijambo, ila miguu inalalamika kwa kusimama kutwa.

Uliniuliza kazi yangu mpya ya maabara ni ipi hasa, maana jirani yako fundi viatu anawatangazia watu kwamba napima mikojo. Mwambie akome. Napokea vichupa vya damu ya wagonjwa wa saratani ya matiti kutoka kliniki za mbali. Chembe za uvimbe wakati mwingine hutoroka na kuingia kwenye damu, na huko zinaweza kusafiri hadi mfupani au kwenye ini. Ni chache mno. Kichupa kimoja kina mabilioni ya chembe za damu, na humo pengine zimo tatu za uvimbe, pengine hamna hata moja. Kazi yetu ni kuzikamata na kuzihesabu, zimsaidie daktari kujua ugonjwa unaelekea wapi.

Na unajua tunazikamataje? Kwa sumaku! Tunatia unga wa chuma, laini kuliko vumbi, uliotengenezwa ung'ang'anie chembe hizo tu, kisha tunazivuta. Siku ya kwanza nilicheka peke yangu mpaka msimamizi akaniuliza kulikoni. Nikamwambia kazi hii niliianza nikiwa na miaka sita. Nikamsimulia ile sumaku uliyoichomoa kwenye spika ya redio mbovu, mimi natambaa chini ya meza navuta pini kwenye vipande vya kitambaa, na wewe umeziba mlango kwa ufagio: "Hatufagii mpaka pini zitimie arobaini!" Wateja waliniita Sumaku kwa utani. Leo ndicho cheo changu.

Mwanao,
Sumaku

Tarehe 20 Machi

Mwanangu Sumaku,

Marahaba. Mimi ni mzima wa afya, hofu ni kwako uliye mbali.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara ya nne nikamsomea fundi viatu kwa sauti ya kumkomesha. Akasema "Kumbe!" na kwake yeye hiyo ni hotuba nzima.

Duka linakwenda. Ila jambo moja linaniudhi: pini moja imenipotea. Kila jioni nahesabu, thelathini na tisa. Nimepekua pindo za magauni, nimekung'uta mkeka, hata viatu vya wateja nimevigeuza. Miaka thelathini sijapoteza pini, na wewe ni shahidi.

Likizo hii usijisumbue kuja. Kazi mpya haiachwiachwi, na mimi nina kazi nyingi pia.

Mama yako asiyezeeka

Tarehe 2 Aprili

Mama,

Shikamoo. Leo sikuulizi hali, kwa sababu najua utaniandikia "mzima wa afya".

Nimeipata pini yako.

Kuna kliniki moja ambayo vichupa vyake hutufikia vimegandana na barafu. Damu ikiganda, chembe zinapasuka, na hatuna la kufanya ila kuvitupa. Jana vimefika vinne vizima kabisa, ndani ya mfuko wa kitambaa wenye sponji, kila kichupa na chumba chake. Msimamizi aliwaita wenzangu waje waone. Mimi nikatazama kona za mfuko. Mshono umerudiwa mara mbili kila kona, kisha fundo dogo kwa ndani. Nilipobinya sponji, kitu kikanichoma. Ni pini, na kichwa chake kina rangi ya kucha ya kijani, ile tuliyopaka mimi na wewe ili zisichanganyike na za mafundi wengine.

Vichupa vina namba tu, havina majina. Labda umeshona kwa wema tu, Mama. Niambie umeshona kwa wema tu.

Vile vinne nimempa msimamizi avishughulikie. Mtu haruhusiwi kuhesabu damu ya ndugu yake. Tena wewe huachi pini ndani ya kazi. Vidole vyako vina nini?

Mwanao

Tarehe 11 Aprili

Mwanangu,

Marahaba, na pole kwa kuchomwa.

Si wema tu. Uvimbe niliuona mwaka jana nikijipima blauzi mbele ya kioo. Wakanikata titi. Wewe ulikuwa kwenye mitihani, nikasema akimaliza nitamwambia. Ukamaliza, ukapata kazi, nikasema akizoea. Halafu wakaona alama kwenye mfupa wa nyonga, nikazidi kukosa mdomo. Nisamehe.

Sasa nisikilize na hili. Nesi alituambia tutatolewa damu mara ya pili, kwa sababu ya kwanza iliharibiwa na barafu. Nikamuuliza inapelekwa wapi. Akataja maabara yenu. Nikainuka kwenye benchi la wagonjwa, na kilemba changu upande, nikasema, "Huko anayehesabu ni binti yangu niliyemzaa mimi!" Mmoja akamnong'oneza mwenzake, "Dawa zimempanda kichwani." Zisinipande vipi? Nikarudi dukani nikashona ule mfuko, ili damu ya watu isikufikie imeharibika.

Vidole vimekufa ganzi kwa ile dripu ya kemo, dawa ya saratani. Pini sikuihisi kabisa. Nimeshona tangu nikiwa binti, Sumaku, na vidole vikiniacha sijui nitakuwa nani. Kwa hiyo dripu mbili zilizobaki siendi. Nimeshaamua, usinibishie.

Mama yako

Tarehe 19 Aprili

Mama,

Shikamoo. Nakubishia.

Nimepiga simu, umezima. Basi utanisoma. Nimekasirika, nimelia chooni kazini, na katikati ya kilio najivuna kama mjinga, kwa sababu mfuko wako umewekwa mezani kwa msimamizi na kila anayepita anaushika.

Ganzi ni jambo la kumwambia daktari. Anaweza kupunguza dawa, anaweza kuibadilisha. Lakini usiache kimya kimya. Jioni ngapi nilitaka kwenda kucheza, zikiwa thelathini na tisa, na wewe ukasimama mlangoni na ufagio? Hukunihurumia. Na mimi sikuhurumii.

Nimepewa ruhusa ya kuja mwisho wa Julai. Pini yako nimeichomeka kwenye kona ya karatasi hii. Irudishe kwa wenzake.

Mwanao,
Sumaku

Tarehe 9 Julai

Mwanangu Sumaku,

Marahaba za miezi yote niliyokunyamazia. Mfuko huu wa vichupa una chumba cha tano, nimekishona kwa ajili ya barua hii tu. Msimamizi wako asinune.

Simu nilizima makusudi. Ningesikia sauti yako ningelia, na mimi silii mbele ya fundi viatu. Barua yako niliificha chini ya cherehani siku nne, halafu nikaenda nayo kwa daktari, nikampa aisome mwenyewe. Akacheka, akavishika vidole vyangu kimoja kimoja, akapunguza dawa. Dripu zote mbili nimemaliza. Kidole gumba kimeanza kurudi, vingine vinajifikiria. Uzi ananitungia fundi viatu, huku akisema sindano zangu ni za wanasesere.

Kliniki nyingine tatu zimeomba mifuko. Wagonjwa wenzangu wawili wa lile benchi hunikatia sponji, akiwemo yule aliyesema nimepandwa na dawa. Jioni tunahesabu pini kwa sauti, mtaa mzima unasikia.

Jana daktari aliniita. Kwenye kichupa changu kilichokuja na ule mfuko wa kwanza zilikuwamo chembe tisa. Kwenye cha mwezi uliopita, moja. Alinieleza taratibu kwamba huko si kupona, ni habari njema tu, na kwamba kuna vidonge vya kuendelea navyo nikitaka, ila nimechoka na naweza kupumzika kwanza. Niamue mwenyewe.

Nikamuuliza, "Umesema imebaki moja?"

"Moja tu, mama."

"Basi niandikie vidonge."

Pini uliyonirudishia iko na wenzake, arobaini kamili. Mwisho wa mwezi ukifika utanikuta mlangoni na ufagio nimeushika. Bado moja, mwanangu. Hatufagii.

Mama yako