Njia ya Korongoni Hupita Mmoja

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba. Babu yako hajambo, na ng'ombe amezaa.

Umeniuliza nani aliichimba ile njia ya korongoni mliyopita msituni, iliyokuzidi kimo. Ni nyayo tu, mama, za wanawake waliobeba majani ya ng'ombe.

Miaka ile mitumba ilipoanza kujaa soko la Kiboriloni, nilikuwa msichana. Siku moja nilishuka njia hiyo nikakutana na mama jirani ambaye alikuwa hasalimiani na mama yangu tangu wagombee mpaka wa kihamba, shamba la migomba la ukoo. Alikuwa na mzigo wa majani. Njia ile haitoshi wawili, na desturi yetu, asiye na mzigo ndiye anayerudi. Niligeuka, nikapanda mbele yake. Tulipofika juu akasema, "Mwambie mama yako kesho tukakate majani pamoja."

Nilimfikishia mama ujumbe, na jioni nikamwona akinoa mundu wa kukatia majani.

Bibi yako, Kibosho