Kadi Uliyonitumia Ilikuwa Nzima

Garsen,
9 Agosti 1998.

Kwa mwanangu Griffin,

Nakusalimu wewe, na Lois mkeo, na watoto, nikiomba barua hii iwakute mna afya na mnakula kwa amani. Sisi huku tuko hai. Mama yako Sarah ameacha kukohoa, anawasalimu, anauliza kama yule mdogo ameota meno. Mimi ni mzima isipokuwa mgongo, na mgongo huo huo bado unabeba gunia ambalo vijana wa hapa wanalizunguka mara mbili wakitafuta pa kulishika. Maji yameshuka shambani, yametuachia tope na mbu. Migomba yote ilikwenda, lakini nimepanda mahindi na yameshika.

Usishangae barua kuwa ndefu. Naandika kwa mkono wangu mwenyewe, sikumwomba mwalimu wala karani, na leo ni siku ya tatu niko juu yake. Uliponiuliza kwa simu ile kadi ya kompyuta ilifanyaje kazi, nilikwambia mambo sawa, nikakata. Sasa nakueleza.

Kadi ililetwa na kondakta wa basi, imefungwa vile ulivyoifunga, na karatasi ya maelezo yako ndani. Wakati huo kompyuta ya ofisi ya misaada ilikuwa na wiki mbili haionyeshi kitu. Jenereta ilipandisha moto siku moja ikaunguza pale inapotolea picha, na tangu hapo ukiiwasha inalia pii moja ndefu na mbili fupi, kioo cheusi. Wewe ulisema mlio huo ni mashine inalalamika kwamba haina pa kutolea picha, na kadi mpya ndiyo dawa yake. Mkuu wa ofisi alitaka kuita fundi wa Malindi. Nikamwambia asijisumbue. Mimi Enos nimetunza pampu za kunyunyizia mashamba miaka ishirini na miwili, pampu zilizomshinda hata Mzungu aliyezileta, sembuse kisanduku kisichotiwa hata mafuta. Akakubali. Nani Garsen hanijui?

Lazima nikwambie kilichokuwa ndani ya mashine hiyo. Karani wa pale alikuwa Darmi, binti wa Waorma, wale wafugaji wa ng'ambo ya mto. Mafuriko yalipokata njia, na ile homa ikamaliza mifugo, wafugaji wengi walihamia vichakani ambako hakuna chifu aliyewahesabu. Darmi aliwafuata kwa mtumbwi na kwa miguu, wiki tano, akiandika jina la kila mwenye nyumba na idadi ya watoto. Siku ya kurudi mtumbwi uliingia maji, madaftari yakalowa. Akakaa mbele ya kompyuta akiyabandua ukurasa kwa ukurasa, anaandika huku karatasi zinamkatikia mikononi, mpaka akamaliza. Madaftari yakaoza. Nyumba mia moja na kumi na saba zikabaki mle ndani ya mashine tu. Sisi watu wa mtoni majina yetu yalikuwa kwa machifu, kwenye karatasi. Malori ya chakula yalikuwa yaje mwisho wa Mei, na asiyekuwa kwenye orodha hapewi.

Basi siku ya Ijumaa nikaanza kazi. Wewe unaijua kazi yangu. Kabla sijafungua mashine nafunga uzi wa rangi kwenye kila waya, na uzi wa rangi ile ile kwenye skrubu ya tundu lake, ili kila waya urudi ulikotoka. Kwa njia hiyo sijakosea pampu hata moja. Waya wa kioo niliufunga uzi mwekundu. Nikaisukuma kadi mahali pake mpaka ikaingia yote, nikaikaza skrubu, nikarudisha waya zote kwa rangi zake. Darmi alikuwa kando anasoma karatasi yako kwa sauti. Alisema imeandikwa waya wa kioo uhame, uchomekwe kwenye kadi mpya. Nikamwambia binti, waya unarudi ulikotoka, nenda kachemshe chai.

Nikawasha. Kioo cheusi, na ile pii haikulia tena. Darmi aliporudi na chai akasema labda kunyamaza ni dalili njema. Nikamwambia injini ikinyamaza imekufa. Nikaitoa kadi, nikaifuta, nikairudisha, mara tatu, na kila mara ule uzi mwekundu ukauelekeza waya mahali pale pale. Jioni nikatangaza kwamba kadi ni mbovu, kwamba wenye maduka wa Mombasa wamemwibia mwanangu.

Jumatatu yule fundi wa Malindi akaletwa. Kijana mwembamba, hana hata kisanduku cha vifaa. Akazunguka nyuma ya mashine, akachomoa waya wangu, akauchomeka kwenye kadi mpya, na kioo kikawaka. Akaniambia kwa upole, "Mzee, kadi hii ilikuwa nzima tangu siku ile. Waya ndio ulibaki tundu la zamani." Watu wakacheka, mpaka mlinzi wa mlangoni. Lakini kicheko hakikudumu, kwa sababu maandishi yaliyotokea kwenye kioo yalisema hakuna mahali pa kusoma kumbukumbu. Fundi akakitoa kile kisanduku cha chuma kinachotunza kila kilichoandikwa. Skrubu zake zilikuwa zimekwaruzwa. Alipokifungua, ile sahani ya ndani ilikuwa na madoa ya mafuta. Akatikisa kichwa, akasema imekufa, hakuna kitu kitakachotoka humo.

Mkuu akauliza nani alikifungua. Akaniuliza mimi kwanza, nikajibu kwamba nilikiacha kimefungwa. Ufunguo wa ofisi siku ya Jumamosi alikuwa nao Darmi. Aliniangalia, akasema, "Baba Griffin, wewe ulikuwepo. Waambie sikukigusa." Nikainama nikaanza kukusanya nyuzi zangu za rangi. Alifukuzwa kazi siku hiyo hiyo, na sokoni ikawa ndiyo hadithi, kwamba mtu wa ng'ombe amepewa mashine akaiharibu.

Aliomba arudi vichakani akaandike upya, hata bila mshahara. Mkuu akasema siku zimekwisha. Malori yalikuja, yakagawa kwa orodha zilizokuwepo, yakaondoka. Sisi tulipata mahindi na maharagwe, tukala. Wale wa nyumba mia moja na kumi na saba walivuka mto wakasimama nje ya uzio siku mbili, wakaambiwa majina yao hayapo, wakarudi. Mwezi wa Juni tukaanza kusikia. Makaburi kumi na moja, na hayo ni yale tuliyoyasikia. Hawo, dada yake Darmi, alizika watoto wawili katika wiki moja, na yule mdogo alikuwa na umri wa huyo wenu anayeota meno.

Griffin, kile kisanduku nilikifungua mimi.

Jumamosi nilimwomba Darmi ufunguo nikamwambia nimesahau bisibisi. Niliona haya kwamba nimeshindwa, nikawaza maji ya mafuriko yameingia ndani. Kimeandikwa juu kwa Kizungu kisifunguliwe, na hayo maneno mawili matatu nayajua, nilifanya kama siyajui. Skrubu zake zina kichwa cha nyota. Nilisaga msumari mpaka ukaingia, na wakati huo nilijisifu peke yangu mle ofisini. Ndani nikakuta sahani inayong'aa kama kioo cha kujitazamia, nikaona uso wangu. Nikaifuta kwa kitambaa na mafuta ya taa, vile nilivyokuwa nikisafisha nozeli za pampu. Nikafunga. Nikampelekea Darmi ufunguo, akaniuliza kama nimeona bisibisi. Nikasema nimeiona, naye akaniamini, hata mbele ya mkuu hakutaja kwamba ufunguo ulipita kwangu.

Mama yako hajui. Wewe ndiye wa kwanza.

Wiki iliyopita Darmi alikuja hapa nyumbani. Anahamia Kipini kutafuta kazi ya kuosha vyombo. Alinisalimu kwa heshima, akamjulia hali mama yako, kisha akafungua leso yake akatoa kile kisanduku. Alikiokota ofisini kilipotupwa. Akasema mimi ni fundi wa miaka mingi, labda kuna njia wale wa Malindi hawaijui, hata yakitoka majina machache tu, apate kuwaonyesha kwamba aliyaandika. Na unajua nilimjibu nini? Nilimwambia akiache, nitakiangalia. Hata hapo, mwanangu. Akanishukuru akaenda zake.

Nimekifunga pamoja na barua hii. Wapelekee mafundi wakubwa wa huko, waulize kama jina hata moja laweza kutoka. Usiwafiche ile habari ya mafuta ya taa. Wakikwambia haiwezekani, niandikie hivyo hivyo, haiwezekani, usinitafutie maneno mazuri. Kisha barua yenyewe uipeleke makao makuu ya ofisi hiyo, hapo Mombasa, umpe mkubwa wao mkononi. Nilikwenda kwa mkuu wa hapa mara mbili nikiwa na nia ya kusema, na mara zote mbili tuliishia kuzungumza habari za pampu. Usinakili upya wala usisahihishe, hata pale ninapojisifu. Waache waone ni mtu wa namna gani aliyemfukuzisha yule binti.

Mama yako anataka picha ya watoto. Msalimie Lois, mwambie aendelee kuwapeleka kanisani. Majirani wote wanakusalimuni, na mahindi yakikomaa nitawatumia gunia, Mungu akipenda.

Ni mimi baba yako,
Enos Hiribae.

Kutia sahihi najua, umeiona hapo juu. Lakini nimeweka na kidole gumba kwa wino, wasije wakasema huko kwamba mtu mwingine ameniandikia.