Nilichokuficha Siku ya Lori

Matambarale, Jumapili

Ndugu yangu Wolta,

Hapa kijijini wanasema ulikuwa mkaidi. Wanasema Mzee Chilumba alikuonya kwa kinywa chake mwenyewe, mbele ya watu, nawe ukampa kisogo, ukafa. Akina mama kisimani wanasema sikio la kufa halisikii dawa, kisha wanajitwisha mitungi yao na kwenda zao. Nami napita hapo hapo, nasikia, naitikia salamu. Miezi minne sasa napita na kunyamaza. Siwezi tena, ndiyo maana nimekaa na kalamu.

Nianze na habari za nyumbani, maana ungeziuliza kwanza. Ungeuliza na kwa nini, na baada ya hiyo kwa nini ungeleta nyingine, mpaka mtu achoke. Chumba chako mama mdogo amekijaza ufuta. Usimlaumu, alisubiri arobaini ipite na mavuno yakawa mengi. Meza uliyoigonga mwenyewe kwa mbao za masanduku imeliwa na mchwa miguu miwili, imeegemea ukuta. Taipureta yako na makaratasi yote Bwana Shauri, yule mkuu wa serikali wilayani, aliyachukua katika sanduku la bati, akasema yatapanda meli yaende kwa mwalimu wako wa chuo kikuu. Jogoo wako uliyekataa asichinjwe bado yupo, na kiburi chake kimezidi. Mama mdogo akisonga ugali wa mtama mpaka leo anakosea kipimo, anasonga wa watu watatu. Tunautazama ule uliobaki.

Sijui kwenu Amerika mtu anayesomea shahada kubwa anaishije, lakini hapa ulituchekesha. Mzungu gani anafua shati lake mwenyewe? Mama mdogo nusura afe kwa aibu, akidhani watu watasema nyumba yake haina wanawake. Ulikaa mkekani ukala kisamvu kwa mkono, ukaungua vidole, ukavilamba. Asubuhi uliandamana na watu mashambani na daftari lako, ukiandika nani kalima wapi, nani kapumzika lini, korosho za mjomba zinaokotwa na nani. Watoto wakakupa jina, Bwana Kwa Nini, nawe ulipolijua ukalifurahia, ukaliandika nalo. Makaratasi yako uliyaanika juu ya kichanja cha jikoni yasipate unyevu, yakanuka moshi, ukasema mwalimu wako atadhani umeyapika. Na barua za kwenu zikichelewa ulikuwa huli. Ulikaa barazani ukiitazama barabara, nami nikikaa nawe, hatusemi. Siku hizo ndizo ninazozikumbuka kuliko maswali yako yote.

Kiswahili chako cha kitabu kilitosha dukani. Lakini wazee wetu husema Kimwera, tena cha ndani, kwa hiyo ulihitaji ulimi wa kukopa, na ulimi wenyewe ukawa wangu. Hapo ndipo balaa lilipoingia.

Ukalimani nilijifunza Nachingwea, enzi za mashamba makubwa ya karanga ya Waingereza, wewe hujafika. Msimamizi mmoja Mzungu wa matrekta akifoka kwamba watu hawa ni wavivu kama nini, mimi niliwaambia bwana anaomba tukaze mwendo kidogo. Watu wakijibu kwa kumtukania mama yake, mimi nilimwambia wanasema wamesikia, bwana. Hakuna aliyepigana siku zangu zote. Wakanisifu kwamba Issa ana ulimi wa asali, na kichwa kikanivimba. Kwetu mkalimani mzuri ndiye huyo, anayefikisha neno bila kumchoma mtu. Hakuna aliyenifundisha vingine.

Nawe nikakulisha asali hiyo hiyo. Unamkumbuka bibi yule wa Chunyu, uliyemwuliza mwaka wa njaa walikula nini? Alisema walifukua mizizi kama nguruwe, na mtoto wake wa mwisho alikufa akiwa na udongo mdomoni. Mimi nikakuambia, anasema walikula ming'oko, ni viazi vya porini, vitamu sana. Bibi kainamisha uso, nawe ukauliza vinachemshwa kwa muda gani. Njiani tukirudi ukasimama ghafla, ukaniambia, "Issa, amesema mengi, umeniletea machache." Nikacheka. Wewe hukucheka. "Sema alivyosema," ukaniambia, "hata kama ni tusi." Nikaitikia naam, naam, na kesho yake nikarudi kule kule. Uongo wa adabu hauna dhambi, ndivyo nilivyojiambia.

Sasa siku ya lori.

Homa yako ilikuwa na siku tatu. Macho yamekuwa manjano, na kopo la mkojo chini ya kitanda lina rangi ya chai isiyotiwa maziwa. Mama mdogo akamwita Mzee Chilumba, kwa kuwa ujanani alifanya kazi mashamba ya mkonge huko Lindi na aliwahi kuona wazungu wakiugua hivyo. Mzee akainama akalitazama kopo, akakutazama wewe, akasimama. Nje lori la Mhindi mwenye duka lilikuwa limeshusha chumvi, linageuza kurudi Nachingwea. Watu wamejaa mlangoni. Mzee akanyoosha mkono kulielekea lori, akasema kwa Kimwera, polepole, nisikose hata neno: "Mwambie huu ndio ule wa mkojo mweusi. Nimeuona ukimaliza watu. Apande lori hili, sasa hivi, aende hospitali. Akilala hapa leo, tutamzika."

Wolta, kwetu mgonjwa hatajiwi kaburi. Ukimtajia umemchuria, na akifa, wewe ndiye uliyemwitia mauti. Nilikuona ulivyolala, midomo imekauka, unaningoja mimi. Nikakuambia kwa Kiingereza, ambacho pale mlangoni hakuna aliyekijua, "Anasema pole sana. Upumzike, Mungu atakuponya."

Ukauliza, "Mbona ameonyesha lori?"

Nikasema, "Anasema limeleta chumvi."

Ukatabasamu. Ukamshukuru Mzee kwa sauti ambayo haikutoka, midomo tu ndiyo iliyocheza, ukageukia ukutani ukafumba macho. Watu wote mlangoni waliona walichokiona: mzee amesema, mzungu ameambiwa, amecheka, amegeuza mgongo. Lori likaondoka. Mzee naye akaondoka bila kuaga.

Usidhani nilikusudia. Nilipanga nikueleze kidogo kidogo, ukishakunywa uji, kwa njia ya kuzunguka, kwamba hospitali ina vitanda vizuri, kwamba lori jingine litakuja siku ya pili. Uji ukautapika. Mvua ikashuka, usiku na mchana, siku mbili. Hakuna lori lililokuja. Ndipo tukakufungia machela, wanaume wanane tukipokezana mabega, tukafika mtoni tukakuta maji yamelifunika daraja. Tukakutua ukingoni tungoje yapungue. Ulikuwa unasema na mama yako kwa Kiingereza, unamwambia unaogopa, akuwashie taa. Mimi peke yangu nilielewa. Wenzangu wakaniuliza anasemaje, nikawaambia anawashukuru kwa kumbeba. Hata hapo, Wolta. Hata hapo. Ukakata roho na maji hayajapungua hata kidole.

Tukakurudisha, tukakuzika upande wa juu wa shamba la mjomba wangu. Watu walikuja wengi, Waislamu kwa Wakristo, mpaka wengine kutoka Mtua waliokujua kwa kuulizwa tu. Mzee Chilumba hakuja. Nawe uliyaandika haya katika daftari lako, kwamba kwetu mtu asipokwenda kuzika amekutema. Alisema hawezi kumtupia udongo mtu aliyeudharau uzee wake. Niliambiwa maneno hayo nikiwa na sururu mkononi, nikaendelea kuchimba.

Ijumaa hii ndipo barua ya mama yako ilipofika kwa jumbe, mkuu wa kijiji. Baada ya sala watu wakakusanyika barazani kwake, nikasimama kuisoma. Safari hii niliitafsiri neno kwa neno, maana niliona kama umenisimamia. Mama yako anawashukuru waliokubeba. Anauliza kama ulikuwa unakula vizuri. Kisha anauliza, "Je, hapakuwa na mtu hata mmoja aliyeujua ugonjwa ule, akamwambia mwanangu aondoke mapema?"

Mzee Chilumba akainuka. "Alikuwapo," akasema. "Mimi. Mwandikie mama yake kwamba nilimwambia, akanicheka, akanigeuzia mgongo. Asihangaike kumtafuta aliyemuua mwanawe. Andika, Issa." Na wote wakasema andika. Nikaandika. Mkono huu huu, Wolta, kwa Kiingereza kizuri cha shule, ukamwandikia mama yako kwamba ulijiua kwa kiburi. Niliandika alivyosema, hakuna neno nililolipunguza. Ndiyo siku ya kwanza niliyokutii, na ndiyo siku niliyotoa uongo mkubwa kuliko wote.

Jana nilishinda na karatasi hiyo mfukoni. Sikula. Nilitaka kuichana niandike yangu: hapakuwa na mtu aliyejua, alilala usingizi mwema. Mama yako angepumzika. Mzee asingejua kitu. Wewe ungebaki mkaidi huku na mtoto mwema kule, na mimi ningeendelea kuitikia salamu kisimani. Nilifikiri nikimbilie Lindi nikabebe magunia mahali ambapo hakuna anayehitaji ulimi wangu. Nilikwenda mpaka mtoni, nikasimama pale tulipokutua, nikayatazama maji. Sikuandikii nilichokifikiria pale. Maji yenyewe siku hizi hayafiki hata magoti.

Leo asubuhi nimekwenda kwa Mzee Chilumba. Nilimkuta anapura ufuta. Nikapiga magoti, mtu mzima mimi, mbele ya wajukuu wake, nikamwambia yote, mpaka habari ya chumvi.

Hakunipiga. Laiti angenipiga. Aliiweka chini fimbo ya kupuria, akakung'uta mikono. Kisha akauliza, "Kwa hiyo alipocheka, alikuwa ananishukuru?"

Nikasema ndiyo, baba.

"Amenishukuru, nami nikamnunia," akasema. "Nikamnunia mpaka maiti yake."

Akachukua jembe akaenda kaburini kwako, nami nyuma. Nyasi zilikuwa zimeota, kosa langu hilo nalo. Amezipalilia peke yake, jua limemkaa utosini, na nilipotaka kumpokea jembe akalivuta kwake. "Usinisaidie," akasema. "Umeshanisaidia vya kutosha." Alipomaliza akakaa chini akasema nawe muda mrefu kwa Kimwera. Sitakutafsiria aliyokuambia. Si yangu.

Tulipokuwa tunarudi nikamwuliza, mama yake sasa nimwandikie nini. Akasema, "Mimi kwako sina karani tena. Hayo yaandike kwa jina lako."

Basi nimeyaandika. Mama mdogo anajua pia. Tangu adhuhuri hajaniita kula, na sijui kama nitalala tena katika nyumba hii. Kesho kijiji kizima kitajua, na kisimani watatafuta methali nyingine, ya kwangu. Na watafute. Bwana Shauri akiniita nitakwenda. Radhi sikuombi, Wolta. Ungenipa upesi mno, ndivyo ulivyokuwa, nami sitaki kupoozwa. Nataka kosa hili liniume.

Ahadi ninayokupa ni hii. Sitasimama tena katikati ya watu wawili nikachagua nani asikie nini. Mtu akiniletea neno, litafika lilivyo, na kama siwezi kulibeba nitasema siwezi, akatafute mwingine. Na nitarudi Chunyu kwa bibi yule, nimwombe msamaha, nimwombe anisimulie upya, niyapeleke kwa mwalimu wako yaingie mahali pa yale niliyokuongopea. Ikiwa bibi atakataa kunisimulia, nitaandika kwamba amekataa, na sababu nitaitaja.

Haya, ndugu yangu. Pumzika kweli sasa, si kwa maneno yangu. Barua mpya ya kwenda kwa mama yako ni fupi, nitaisoma kesho mbele ya watu kwa Kimwera kabla sijaifunga. Inasema hivi: Mama, mtu aliyeujua ugonjwa alikuwapo, na alisema wazi. Mwanao hakumcheka wala hakukataa kwenda. Hakuambiwa. Aliyeambiwa ni mimi, Issa.