K Ni Kumi

Jumanne, Kamunyonge

Na nimeipata mwenyewe! Mwalimu wa darasa la jioni aliniita ubaoni, mikono yangu bado inanuka dagaa. Mstari mmoja una mteremko wa 4. Mwingine, sambamba nao, unapita kwenye nukta (1, 2) na (3, k). Tafuta k.

Hesabu nilikuwaga naikimbia tangu shuleni Bunda.

"Mama Neema, mistari sambamba ina nini?"

"Mteremko sawa, mwalimu."

Basi nikaandika: juu k kutoa 2, chini 3 kutoa 1, jibu liwe 4. Juu lazima iwe 8. K ni 10! Wenzangu wakapiga makofi.

Mtihani bado unanitisha. Lakini nilipomsimulia Neema, aliye kidato cha tatu, alichukua daftari lake.

"Mama, mimi swali kama hilo nilikosa. Nielekeze."

Nikamwelekeza.