Kibati cha Cyrus

Kwa Mama Cyrus,
Al Mansoura,
Doha, Qatar.
Ijumaa, 14 Novemba 2025.

Mpendwa mjukuu wangu Benard,

Nakusalimu kwa salamu zote nilizo nazo. U mzima? Kifua kimeacha kukohoa? Moshi ule nasikia hukaa kifuani kama mgeni asiyejua kuaga, kwa hiyo kunywa maziwa ya moto, na usilale sakafuni huko kwa mjomba wako Kitale. Unakula? Usiniambie unakula kama huli. Nitakuona mbavu.

Mimi mwili ni mzima. Magoti yanauma, lakini magoti yangu yalianza kuuma kabla wewe hujazaliwa, hayo si habari. Joto la huku limepungua. Binti yangu Olivia amerudi kazini hospitalini ingawa tulimwambia apumzike. Anasema akikaa nyumbani anasikia Cyrus akifungua mlango.

Anayeshika kalamu ni Hadijah, maana mimi na kalamu hatujawahi kufahamiana. Nimemwambia asinipunguzie neno wala asinipambe. Barua anakuletea Jeremiah, yule wa shamba la Umm Salal, anayekuja likizo, kwa kuwa simu zetu umekataa kuzishika. Simu unaweza kuizima. Jeremiah hazimiki.

Sasa wacha nikwambie, na ukae chini usikie. Nilikuchukia. Baada ya ule moto nilikuchukia hata jina lako likanichoma ulimini. Uliondoka bila kuniaga, na afadhali, kwa sababu ungekuja ningekugeuzia mgongo. Siku hizo zimepita. Leo nakuchukia kidogo tu asubuhi, nikiwa sijanywa chai.

Ndirangu, kiongozi wa zamu yenu ya wazima moto, alikuja akaketi hapa kwenye kochi akanieleza yote pole pole, kama mtu anayemlisha mgonjwa uji. Akasema kabla ya kuingia kwenye moshi kila mmoja wenu anatundika ubaoni kibati chenye jina lake, na akitoka anakitoa kwa mkono wake mwenyewe. Kibati kikibaki pale, kuna mtu ndani, na mtu haachwi. Lakini nyinyi wawili mlikuwa na mazoea yenu tangu mafunzo. Anayetangulia kutoka anabeba vya wote wawili, ili mwenzake asipange foleni, mkawahi chai. Ndirangu aliwakemea. Mkacheka. Mlikuwa mnacheka pamoja tangu mnatambaa kwenye uwanja wangu kule Chwele, mngeachia wapi?

Siku ile kwenye ghala la magodoro ukatoka unakohoa, unadhani Cyrus yuko nyuma yako, na mkono ukafanya ulichozoea. Cyrus hakuwa nyuma yako. Ndirangu akatazama ubao, akauona mtupu, akaamuru wafunge mlango na kumwaga maji kutoka nje.

"Nilihesabu vibati, Kukhu," akaniambia, maana hata yeye huniita nyanya kwa lugha yetu. "Sikuhesabu vichwa." Kisha mwanaume yule mkubwa akalia mpaka nikampa leso yangu ya kichwa.

Sitakudanganya kwamba Cyrus angekufa hata hivyo. Sijui. Ndirangu hajui. Wewe pia hujui, na usijifanye unajua.

Tangu siku hiyo kile Chama chenu ndicho kimetushikilia tusianguke. Unakumbuka nilivyokuwa nakicheka nilipofika hapa? Nikamuuliza Ndirangu ni chama gani hiki cha wafanyakazi ambacho hakigombani na bosi, hakina bendera wala muhuri, kinakutana kwenye sebule ya mtu. Akanijibu, "Kukhu, sisi huku tunagombana na moto peke yake." Nikaona ni watoto wanacheza. Halafu ile sikukuu mkachoma mbuzi kule Umm Salal, wazima moto wazima, mkamwacha akawa makaa, tukala mkate na soda. Nilicheka mpaka Cyrus akaniomba nisije nikasimulia nyumbani. Nimesimulia.

Sasa siwacheki. Nimewaona Ijumaa wakipanda ngazi za majumba haya ya Al Mansoura, mlango kwa mlango, wakiwaonyesha wasichana wetu jinsi ya kufunika sufuria ya mafuta ikishika moto, na kukagua mipira ya gesi. Nimewaona wakimbebea maji mama mmoja asiyejua hata wanaitwa nani. Na ule ubao wa pili walioutundika sebuleni kwa Ndirangu, wewe unaujua kuliko mimi. Mtu wetu akiwa matatani, amelazwa, amefukuzwa kazi, yuko ndani kwa polisi, kibati chake kinaning'inizwa pale, na hawapumziki mpaka aje akitoe mwenyewe. Hadijah huyu anayeandika si mzima moto, alikuwa msichana wa kazi za nyumba aliyevunjika nyonga, hana mtu hapa. Wakamkatia kibati kutoka mkebe wa maziwa. Wakapeana zamu kumtembelea, mmoja akitoka mwingine anaingia, mpaka manesi wakadhani ana kaka wengi wenye sura tofauti. Alipokuja na mikongojo kukitoa walipiga makofi. Ananiambia hapa nisiseme hivyo, anaona haya. Andika, Hadijah.

Ijumaa iliyopita walikutana kukuzungumzia wewe, na mimi nikaenda. Olivia alisema hana nguvu za kusikia. Nick, mwenzenu wa Chama, akasimama. Akasema, na hakusema kwa ubaya, alimpenda Cyrus yule, kwamba ufutwe kwenye Chama. "Mtu aliyetoa kibati cha mwenzake," akasema, "kwetu hana kibati." Wengine wakaitikia kwa vichwa. Ndirangu akatazama sakafu.

Nikasimama na magoti yangu. Nikamwambia, "Nick, mwanangu, Cyrus alitoka kwenye tumbo la binti yangu. Mimi sijamfukuza Benard. Wewe unamfukuza kwa mamlaka ya nani?"

Akasema, "Kukhu, yeye amekimbia."

Nikamwambia, "Kwani nyinyi mtu akikimbilia chumba cha ndani kwenye moshi, mnamwacha kwa sababu amekimbia?"

Nick akaketi. Mtoto akikunyea mkononi, mkono haukatwi, na wewe mkono huu uliunyea sana. Dada yangu Nanjala alipokufa akaniachia mama yako, na mama yako akanizalia wewe. Sikupokea nusu yako.

Ndipo Ndirangu akaingiza mkono mfukoni akatoa kibati chako, kile ulichomtupia mezani ukisema wewe si mzima moto tena. Akaenda akakitundika kwenye ule ubao wa sebuleni. Nick ndiye aliyekinyoosha kisikae upande. Kwa hiyo ujue, hata huko ulikojificha, kwa hesabu ya watu hawa wewe bado uko ndani, na wanakutafuta. Jeremiah huyo aliyesimama mbele yako ndiye wa kwanza kuingia.

Sasa jambo langu. Makaratasi ya Cyrus yamekubaliwa. Chama kimeyahangaikia kwa kutuma watu kila ofisi, mimi na Olivia hatujapanga foleni hata moja. Alhamisi hii inayokuja tunaondoka naye, mimi, Olivia na Ndirangu, tunashukia Nairobi asubuhi, kisha barabara hadi Chwele. Tutamlaza karibu na nyanya yako Nanjala, pale penye ua wa mitimaji.

Ndirangu ananiambia kibati cha Cyrus hakijaonekana. Kampuni imekiuliza. Wamepekua kabati lake, wamepekua gari. Mimi sikupekua popote. Najua kiko wapi. Kiko mfukoni mwako, na unalala nacho, na unakishika ukidhani hakuna anayejua. Nimekulea, Benard. Ukiwa mdogo ulivunja kikombe changu ukatembea na kishikio chake kwenye kaptula mpaka kikakutoboa paja.

Usikitupe mtoni. Usikizike peke yako. Usimpe Jeremiah aniletee, nikikiona mkononi mwa Jeremiah nitamrudisha nacho Kitale hata kama ni kwa miguu. Njoo nacho wewe, Nairobi, uwanja wa ndege, pale wanapotolea majeneza. Nilimuuliza Olivia kwanza, maana mtoto ni wake. Aliendelea kukunja nguo za Cyrus, zile zile alizokuwa amezikunja jana. Mwisho akasema, "Mama, aje. Nikimwona nitapiga kelele. Lakini aje." Kwa hiyo atapiga kelele, nakuonya mapema. Wewe simama tu. Asipokupiga yeye huenda nikakupiga mimi, halafu utakula.

Jeneza likitoka, wewe ndiye utakayeliendea kabla ya mtu yeyote. Utakiweka kibati juu yake kwa mkono ule ule uliokitoa. Ulikitoa akiwa bado ndani, Benard. Mimi mpaka leo nikifumba macho namwona yumo ndani ya lile ghala anagonga ukuta, na ubao hauna jina lake, na hakuna anayemwendea. Kirudishe kwake mwenyewe, nimwone ametoka. Sijui kusoma jina lililoandikwa pale. Nitakujua wewe uliyekishika, inanitosha.

Nisalimie mama yako, umwambie namwomba asikutetee kwa watu, anyamaze tu akupikie. Msalimie mjomba wako, na Gakii mkewe, umshukuru kwa kukuvumilia. Olivia hajatuma salamu, lakini alipoona Hadijah anaandika alileta taa karibu. Hadijah anakusalimu. Nick anakusalimu, alinipigia leo kunikumbusha nisisahau.

Mungu aliyekutoa kwenye moshi ule asikutoe bure. Akupe usingizi, akupe miguu ya kufika Nairobi.

Ni mimi nyanya yako nikupendaye, na nitakayekuwa nimesimama pale nikikungoja,

Kukhu Nasimiyu.