Samaki ya Najma

Zakari ndugu yangu, samaki na corail, ile matumbawe ya mu sanduku ya kioo ya marehemu muke wangu Najma, yote imekufa. Yote!

Courant ya umeme ilikatika juzi sababu ya hii vita, na bakubwa banasema tu "mutulie". Batri yangu iko na nguvu ya kitu kimoja: pompe ya kutembeza maji na hewa, ao ile lampe ya kuua bidudu mu maji ya chumvi. Samaki zilikuwa na madoa ya ugonjwa, nikawasha lampe.

Sasa hivi Kambale, mwenye kutuuzishaka samaki, amefika.

"Papa Abibu, pompe umeizima? Maji haitembee, lampe itaponya nini? Samaki zimekosa pumuzi!"

Zimekosa pumuzi, Zakari! Sawa vile Najma ku hopitali, siku oksijeni iliisha, bakubwa banasema "mutulie".

Miaka yote ninabatukana bale bantu. Leo mukubwa alikuwa mimi.