Cheti Nimekipata, Mama Rukia

Bagamoyo, nyumbani kwa shangazi Bi Zuhura
Jumanne, Mfungo Tano

Kwa Mwanaidi binti Tambwe, Mama Rukia, uliyeko Majunga, kisiwani Bukini.

Assalaam alaykum. Hujambo wewe, na watoto hawajambo? Kikohozi cha Tambwe kimekwisha, au bado kinamrudia kila upepo ukigeuka? Na Rukia anakwenda chuoni kusoma Kurani, au amejua baba hayupo akajipa ruhusa? Mimi huku ni mzima. Sina homa wala jeraha, ila nimechoka, na uchovu wenyewe nikilala naamka nao.

Barua hii nimeiandika kwa herufi za Kiarabu makusudi, uisome mwenyewe. Usimpe jirani akusomee, hata kama macho yanakuuma. Ngoja watoto watoke, kaa chumbani, soma polepole.

Cheti nimekipata. Nakwambia mapema ili moyo wako utulie, maana najua tangu niondoke unahesabu siku. Yule karani wa Kifaransa alisema mwezi ujao wa Kizungu ukiisha bila kumletea cheti cha ndoa kwa lugha yake, chenye mihuri, basi wewe na watoto mtaandikwa wageni wasio na mtu na mtarudishwa mlikotoka. Hilo sasa lisikutishe. Lakini namna nilivyokipata ni hadithi ndefu, na ndani yake mna jambo zito kuliko lile lililonileta.

Nilifika Bagamoyo nikidhani ni kazi ya siku mbili. Nilijiambia kwamba tufani iliondoka na cheti chetu pamoja na paa la jiko, lakini daftari la kadhi halikupigwa na tufani. Nitakwenda, nitaandikiwa kingine, nitarudi. Mtu akikaa ugenini huona kwao kila kitu kiko pale pale alipokiacha. Siku ya kwanza karani wa kadhi alikuwa mazikoni. Siku ya pili alikuwa kwenye hitima ya mazishi yale yale. Siku ya tatu Bi Zuhura akanitilia jembe mkononi, akasema, "Mgeni siku mbili, mwanangu. Mihogo yangu iko nyuma ya nyumba." Basi nikalima mihogo kwa suruali niliyoshonea Majunga, na majirani wakapita wakiniita Mngazija.

Karani alipopatikana, akafungua daftari, akaiona ndoa yetu. Mchwa wamekula pembe, lakini majina yanasomeka: la baba yako, langu, lako, na ya mashahidi wawili. Nikafurahi. Akaweka kidole juu ya jina langu, akanitazama.

"Wewe ndiye huyu?"

"Ndiye mimi. Shomari bin Kondo, wa Kaole."

"Shomari bin Kondo ninao wanne humu, na mmoja tumemzika juzi. Nitajuaje kama wewe si yule tuliyemzika?"

Watu waliokaa barazani wakacheka. Nami nilicheka, ila kwa shida. Miaka kumi na minne si kidogo. Waliocheza nami utotoni wengine wamehamia Dar es Salaam, wengine wamekufa, na waliobaki wananitazama wakisema sura wanaikumbuka, jina limewapotea. Karani akasema nilete shahidi mmojawapo wa siku ile aape mbele ya kadhi kuwa mimi ndiye niliyeozwa. Shahidi wa kwanza alikuwa mwalimu wako wa chuo, na yeye ameshatangulia mbele ya haki. Wa pili ni Fundi Uledi, yule mshona kanzu aliyekuwa rafiki wa baba yako. Nikaambiwa yu hai, lakini alihamia Miono kwa wakweze, analima.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nikaenda Miono. Lori lilinichukua mpaka matope yakalishinda, kisha nikatembea siku nzima, viatu nimevishika mkononi. Fundi Uledi nilimkuta chini ya paa la banda lake anashona gunia kwa sindano ya kanzu, miwani imefungwa kwa uzi. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba bila kuinua kichwa. Nikajitaja. Nikamwambia nimekuja kumwomba ushahidi wetu, mimi na binti Tambwe.

Hapo akaiweka sindano chini. "Nimewashuhudieni mara mbili," akasema. "Unataka ushahidi upi?"

Sikumwelewa. Akanikumbusha, nami nikakaa juu ya magunia yake.

Mama Rukia, siku ile niliposafiri kuja kutafuta kazi Bukini, wewe ulikuwa ndani unanifungia mkate wa kumimina. Baba yako aliniita barazani. Unajua wazee wa pwani walivyokuwa na vijana waliooa kisha wakataka kwenda ng'ambo: hawamwachi binti yao aning'inizwe, si mke si mjane. Mkwe huandikishwa karatasi kabla hajapanda chombo. Baba yako aliniandikisha kwamba nisiporudi wala kukupelekea nauli kabla ya kutimia mwaka mmoja, basi wewe umeachika talaka moja. Nikatia sahihi. Fundi Uledi akashuhudia. Nilitia sahihi kama mtu anayepokea stakabadhi ya kodi, akili yangu iko baharini. Kila kijana aliyesafiri alitia. Na kila kijana alijua kwamba mwaka hautapita.

Wangu ulipita. Unajua mwenyewe: mwaka wa kwanza niliumwa, wa pili ndipo nikapata kazi kwenye tanuri la mikate. Nauli yako niliituma miaka miwili na zaidi tangu niondoke. Karatasi ile nilikuwa nimeisahau kabisa. Wallahi niliisahau, sikuificha. Nilikuona unashuka pale bandarini na kisanduku chako, nikaona mke wangu amekuja. Kumbe siku ile nilimpokea mwanamke ambaye eda yake ilikwisha zamani, asiye na mume.

Nikamuuliza Fundi Uledi, "Mzee Tambwe hakukumbuka?"

"Alikumbuka. Nauli ilipofika alikuja kwangu na karatasi mkononi. Nikamwambia, mwite binti, mweleze, umuulize kama anamtaka tena huyu bwana, wakaozwe upya. Akaniambia, 'Uledi, binti ameshafunga mzigo. Anaimba.' Akaniachia karatasi, akaenda zake."

Basi ndivyo ilivyokuwa. Baba yako, Mungu amrehemu, nimemkasirikia njia nzima ya kurudi Bagamoyo, na nimemhurumia vile vile. Hakutaka kukuvunjia furaha, akatuvunjia jambo kubwa zaidi. Lakini wa kulaumiwa kwanza ni mimi. Yeye alinyamaza, mimi nilisahau. Mtu anasahauje sharti la ndoa yake?

Fundi Uledi aliitoa karatasi kwenye kopo lake la vifungo, akanipa, akanionyesha jiko. "Moto huo. Mimi sina haja nayo. Nikiitwa kwa kadhi nikiulizwa la ndoa nitasema la ndoa, na ni kweli. La pili, mwenye kulisema ni wewe." Sikuichoma. Usidhani ni ucha Mungu, niliogopa tu. Nikaitia mfukoni, na tangu siku ile ninatembea nayo.

Mzee wa watu alikuja nami Bagamoyo, akaapa, kadhi akaniandikia nakala ya cheti, Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, akapiga muhuri wa serikali. Ikabaki Kifaransa. Hapa mjini anayekijua vizuri ni padre mmoja mzee wa misheni, mzaliwa wa huko kwa Wafaransa. Nikaenda nikasimama mbele yake na cheti changu cha Kiislamu, nikiona haya. Hakunicheka. Alikaa nacho asubuhi nzima, akiniuliza neno baada ya neno: walii ni nani, mahari hupewa nani, bibi harusi yuko wapi wakati anaozwa. Nikamjibu kwamba bibi harusi yuko ndani na wanawake, barazani ni wanaume. Akauliza, "Na yeye aliulizwa?" Nikasema aliulizwa na baba yake. Akaandika. Swali lile limekaa nami.

Kisha Dar es Salaam kwa muhuri wa balozi wa Wafaransa. Basi lilituharibikia Kerege, tukakaa mpaka adhuhuri tukila mihogo ya kuchoma. Nilipofika, mlango umefungwa. Kesho yake wakaniambia tafsiri inataka sahihi ya mkalimani mbele ya mwanasheria, nikarudi Bagamoyo kumchukua padre, naye ana magoti mabovu, nikamshika mkono kupanda na kushuka. Siku ya tatu tukagongewa mihuri. Nilihesabu minne. Cheti ni kizuri kuliko kile cha kwanza.

Niliporudi sikuweza kustahimili. Nilikwenda kwa kadhi peke yangu, nikampa shikamoo, nikaitoa karatasi ya Fundi Uledi mfukoni nikaiweka mbele yake. Aliisoma mara mbili. Nikamwomba akitwae cheti chake au akichane, afanye atakavyo.

"Cheti ni cha siku ile," akasema, "na siku ile ilikuwa. Sikichani. Watoto pia ni wako, mlikaa hamjui, nasaba yao haina doa. Lakini sasa unajua. Usiingie kwake mpaka akuridhie mwenyewe, na uozwe upya."

"Akikataa?"

"Akikataa amekataa. Ni mwanamke huru."

Nimekaa siku nne na neno hilo. Sikufichi, Mwanaidi, shetani amenijia na hoja nzuri. Ameniambia nirudi na mihuri yangu minne, nimwonyeshe Mfaransa, maisha yaendelee, nani atajua? Fundi Uledi hatasema. Kadhi hana safari ya Bukini. Lakini nimekumbuka mara mbili zile ulipofunga nguo zako kwa hasira ukitaka kuondoka: mara ya kwanza kwa ajili ya ulevi wangu, ambao nimeuacha, na mara ya pili kwa maneno niliyokutukania marehemu mama yako. Mara zote mbili nilikaa mlangoni nikakwambia mke hatoki bila idhini ya mumewe. Na wewe ukafungua mzigo, ukarudi jikoni. Sikuwa na haki ya kukaa pale mlangoni. Hilo ndilo linaloniuma kuliko safari zote hizi.

Kama ulijua habari ya karatasi na ukanyamaza, sikulaumu, ila niambie. Kama hukujua, nisamehe kwamba unaijua kwa barua.

Cheti nakutumia pamoja na barua hii, kwa mkono wa Mzee Athumani, mpishi wa meli, yule anayetuletea ubani. Sikishikilii ili nikulazimishe jibu. Mpelekee yule karani wa Kifaransa kabla ya siku yake. Yeye anauliza watoto ni wa nani, na hilo cheti kinalijibu kwa haki. Mtakaa Majunga kwa amani, unitake usinitake. Kwenye tanuri nimewaandikia wakupe wewe mkate wa kila siku mpaka mambo yajulikane.

Mimi nabaki hapa. Kaka yako Mwinshehe nimemweleza yote. Alikasirika, kisha akalia, kisha akasema yuko tayari kuwa walii wako ukiridhia. Ukiridhia, sema mbele ya watu wawili waaminifu kwamba umempa yeye uwakili akuoze, waandike, umpe Mzee Athumani karatasi hiyo anaporudi. Usiporidhia, mpe neno moja tu la mdomo, linatosha. Nitamwona bandarini Dar es Salaam.

Mwinshehe anakusalimu. Shangazi Bi Zuhura anakusalimu na anasema mihogo imepandika vizuri. Fundi Uledi anakuombea dua. Nisalimie Rukia, mwambie asimwache mdogo wake acheze kisimani. Mbusu Tambwe. Msalimie jirani yetu Bi Asha, lakini habari hii usimpe mpaka wewe mwenyewe utake.

Nilipokuoa nilimuuliza baba yako, sikukuuliza wewe. Sasa nakuuliza. Je, utanikubali?

Chini hapa kila barua huwa naandika "mumeo". Leo naandika jina tu.

Shomari bin Kondo